Tuuze kiwanja cha mama tulipe deni la kamari?

Shikamoo Bi Mshauri,

Naishi Kaunti ya Kilifi, nina watoto watatu na nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu, kitindamimba wetu, fundi wa stima ambaye watu humtafuta kutoka mbali kwa uzuri wa kazi yake. Kazi yenyewe ilivyo, mteja akitaka nyumba yake ivutwe nyaya humtangulizia fundi pesa za vifaa. Pesa hizo ndizo zinazoishia kwenye kamari.

Alianza na mikeka ya mpira kama vijana wenziwe, mia leo, mia mbili kesho. Siku moja alishinda elfu arobaini, akamnunulia mama friji, na tangu hapo ukimsema hukujibu, "Friji ile ilitoka wapi?" Baadaye akahamia kidege, ule mchezo wa simu ambao ndege inapaa, pesa zinapanda, na wewe unatakiwa utoe zako kabla haijapotea. Huo haungoji Jumamosi wala ligi. Anaucheza usiku kucha mkewe akiwa amelala. Mchana akiwa na sarafu hupitia dukani kwa jirani yetu.

Duka hilo liko hatua chache kutoka lango la shule ya msingi. Mbele wanauza mkate, sukari na mafuta ya kupima. Nyuma, palipofunikwa kwa leso, pana mashine mbili za kamari, zile za kutumbukiza shilingi ishirini. Nimeona kwa macho yangu mtoto mwenye sare, begi bado liko mgongoni, amesimama juu ya kreti ya soda ili afikie vya kubonyeza. Mwenye duka ana fungu lake katika kinachopatikana, na mkewe tuko naye chama kimoja.

Sasa deni limefika shilingi 186,000. Wateja watatu wanadai 130,000, na zinazobaki ni mikopo ya simu. Mteja mmoja amesema anakwenda polisi. Wakopeshaji nao wanampigia mama, ambaye hata hakuwahi kuomba mkopo, na kumwambia amezaa mwizi. Mwaka jana nilipopokea zamu yangu ya chama nilimlipia deni lote, akalia, akaapa kwa msahafu mbele ya imamu. Hata mfungo haukuisha, alikuwa ameshakopa tena. Wifi yangu amechukua mtoto amerudi kwao.

Mama anataka kuuza kiwanja alichoacha marehemu baba ili mwanawe asifungwe. Kaka yetu mkubwa anasema aachwe afungwe ajifunze. Mimi niko katikati. Juzi usiku huyu mdogo wangu alisema afadhali afe sisi tupumzike.

Nataka kujua: tuuze kiwanja? Huu ni ugonjwa au ni tabia mbaya? Na zile mashine hakuna wa kuziondoa? Nilimwendea mwakilishi wadi wetu, akanijibu kwamba mambo ya kamari ni ya Nairobi. Chifu naye akasema ameona karatasi imebandikwa ukutani, kwa hiyo ni halali.

Dada mkubwa, Kilifi

*

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza maswali matatu, lakini mimi naanza na neno ulilolitaja mwisho, la kutaka kufa. Usiseme ni hasira tu. Mtu aliyezama kwenye kamari anabeba aibu na siri kwa wakati mmoja, na hayo mawili yameua watu. Leo hii, kabla ya kikao chochote cha ukoo, kaa naye faragha umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Akikubali, asilale peke yake, ondoeni dawa za panya na za shambani zilizoko nyumbani, na mpelekeni hospitali. Wengi huogopa hospitali kwa sababu ya polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Msifiche. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure ya ushauri nasaha, 1199, na hata wewe mwenyewe waweza kuwapigia.

Sasa kiwanja. Msiuze.

Kwanza, kama kiwanja bado kiko kwa jina la marehemu na mirathi haijapita mahakamani, mama hana uwezo wa kukiuza, hata kama moyo wake unataka. Sheria ya Urithi inafanya kuwa kosa mtu kuishika na kuiuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na mnunuzi anayewaharakisha msaini haraka haraka anajua hivyo. Pili, na hili ndilo kubwa, pesa ya kiwanja haitaponya kitu. Mcheza kamari akilipiwa deni lote kwa mkupuo hupata wiki chache za usingizi, kisha wakopeshaji wale wale wanaona laini yake imesafishika na kumfungulia mkopo mkubwa zaidi. Umeliona hilo kwa pesa yako ya chama. Kila mara familia inapolipa, anazidi kuamini kwamba shimo lina mwisho na kuna mtu atakuja na ngazi. Deni litalipwa, lakini baada ya kuziba njia ambayo pesa inapitia, na litalipwa kwa jasho lake.

Kaka yenu mkubwa naye nampinga. Gereza halimfundishi mtu kuacha kamari, na ndani ya gereza hatavuta waya hata mmoja wa wateja wake.

Hebu tuwatazame hao wateja. Wanachotaka hasa ni nyumba zao ziwake stima. Mdogo wako ana mikono, na mikono hiyo haijaliwa na mashine. Tafuteni mzee mmoja wa ukoo anayeheshimiwa, mwende naye kwa kila mteja, yeye mwenyewe akiwepo, na mwandike: alipokea kiasi gani, kazi imefika wapi, vifaa gani vimebaki. Kisha pendekezeni hivi: vifaa vilivyobaki mteja avinunue mwenyewe dukani kwa orodha atakayoandikiwa na fundi, fundi aje na bisibisi yake amalize kazi, na malipo ya ufundi yakatwe katika deni mpaka liishe. Atakayekasirika atakasirika, ana haki. Lakini wengi huona heri nyumba iliyokamilika kuliko kesi ya miaka miwili. Mwanzeni na yule aliyetaja polisi, na mwende kabla hajafika huko. Kuchukua pesa ya mtu kwa kazi usiyoifanya kunaweza kukupeleka mahakamani, hilo sikufichi.

Na utaratibu huo usiishe deni likiisha. Awe fundi asiyeshika pesa za vifaa kabisa. Mteja alipe dukani moja kwa moja. Ujira wake uingie kwa laini ya mtu mwingine atakayemchagua mwenyewe, wewe au mkewe, na apewe ya matumizi kila siku. Yaandikwe, akubali kwa hiari, na mpange ni baada ya miezi mingapi mtayatazama upya. Mwanamume mzima akinyang'anywa simu kama mtoto ataikopa ya rafiki. Akikabidhi mwenyewe ni jambo tofauti.

Muombeni pia atoe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Anaweza kuiomba mwenyewe kwa *334#. Kaeni muisome pamoja, mstari kwa mstari, bila kupiga kelele. Nimeona watu waliokana kwa miaka wakinyamaza mbele ya karatasi hiyo, kwa sababu kichwa cha mchezaji hukumbuka elfu arobaini za friji na kusahau mia tano zilizotoka saa nane usiku, saa nane na dakika mbili, saa nane na dakika tano. Baada ya hapo aandike kwa kila kampuni anakochezea akitaka akaunti yake ifungwe moja kwa moja, siyo kusimamishwa kwa muda, na azuie zile jumbe za kumwita arudi.

Hao wanaompigia mama wanavunja sheria. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutukana, kutisha, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Zinataka pia kila mkopeshaji wa aina hiyo awe na leseni ya Benki Kuu. Hifadhini jumbe, andikeni tarehe na namba zilizopiga, na mpeleke malalamiko Benki Kuu. Deni lenyewe linabaki deni, ila mama hana deni na mtu. Akipigiwa tena aseme hivyo na kukata.

Umeuliza kama ni ugonjwa au tabia. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022, katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zinazotazamwa ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, kamari inatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa inamwumiza. Barua yako ina zote tatu. Kwenu mnajua kwamba sura ya al-Maida pia imetaja ulevi na kamari katika aya moja. Kiapo mbele ya imamu ni kizuri, na imamu aendelee kuwa naye, lakini kiapo hakiwezi kufanya kazi ya matibabu. Ulizieni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Kinachomfaa zaidi ni mazungumzo ya mpangilio na mshauri aliyesomea, wiki baada ya wiki, ya kuzijua saa zake za hatari na kuivunja ile imani kwamba kilichopotea kitarudi. Ataanguka tena pengine. Akianguka arudi kliniki, msianze upya na matusi.

Na mumweleze jinsi michezo hii inavyofanya kazi. Mashine haikumbuki kwamba umeshatumbukiza mia tisa. Sarafu inayofuata ina bahati ile ile ya iliyotangulia, na imepangwa ili baada ya sarafu nyingi mwenye mashine abaki na zaidi. Kidege vivyo hivyo. Anadhani ustadi wake ni kujua wakati wa kutoa, kumbe mahali ndege itakapopotelea hapajui yeye wala mtu mwingine, na raundi ni za sekunde chache ili asipate nafasi ya kufikiri. Mpira angalau ulimfanya angoje dakika tisini.

Wifi yako msimbembeleze arudi sasa. Aone kwanza taarifa ya M-Pesa, aone mkataba wa pesa, aone mumewe anakwenda kliniki. Ninyi pelekeni matumizi ya mtoto huko aliko, kwa mkono wako, siyo kwa mkono wa mdogo wako.

Nafika kwenye zile mashine, na hapa nataka usome polepole, kwa sababu mwakilishi wadi wako amekujibu vibaya. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeorodhesha kazi za serikali za kaunti. Kamari na kasino zimo, katika kipengele kimoja na leseni za pombe, maktaba na bustani za umma. Ni kweli kuna sheria ya taifa: ile ya zamani ilikuwa ya 1966, na tarehe 7 Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari inayoleta mamlaka mpya ya taifa. Makampuni ya mtandaoni na matangazo yao ni ya huko. Lakini leso iliyotundikwa nyuma ya duka la mkate, karibu na lango la shule, katika wadi yake, ni jambo ambalo bunge lake la kaunti lina uwezo wa kulitungia sheria. Mwambie kwa adabu, ukiwa na ukurasa huo wa Katiba mkononi.

Ile karatasi ya ukutani nayo isomwe. Imetolewa na nani? Ina jina la nani, mahali gani, na inaisha lini? Kibali cha kuuza bidhaa za duka si kibali cha kamari. Chifu ameiona lakini hakukwambia imeandikwa nini. Andika barua kwa idara ya biashara ya kaunti, uulize kama jengo hilo lina leseni ya kamari na nakala yake iko wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri huwa haikufika. Ikiwa hakuna leseni, barua hiyo hiyo iende kwa mkuu wa kituo cha polisi. Ikiwa ipo, bado mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuigusa mashine ile, na hapo mwalimu mkuu na halmashauri ya shule wana neno la kusema. Jirani zetu Uganda wameweka umri huo kuwa 25, na mimi ningependa tufike huko.

Usitegemee msako peke yake. Mwaka 2018 serikali ilikamata mashine hizi nchi nzima na nyingi zikaharibiwa, watu wakashangilia, na leo ziko nyuma ya pazia mtaani kwenu. Zilirudi kwa sababu baada ya lori la polisi kuondoka hapakubaki mtu wa kuuliza nani ameleta nyingine. Norwei ilikwenda njia nyingine: mwaka 2007 iliziondoa mashine zote nchini kwa sheria, na zilizokuja baadaye zikawa chini ya kampuni ya serikali, mchezaji akiwa na kadi yenye kikomo cha hasara. Sisi hatuna uwezo wa Norwei, lakini wadi inaweza kuwa na orodha ya wazi ya majengo yenye leseni, ikabandikwa kwa chifu, na kila mama akajua kwamba lisilo kwenye orodha ni la kuripotiwa.

Hilo mnaweza kulidai. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhihali katika bunge la kaunti, hata ya kutaka sheria itungwe au ibadilishwe. Haihitaji wakili. Andikeni mnachotaka kwa maneno ya kawaida: pasiwe na mashine karibu na shule, pasiwe na mashine katika duka linalouza vyakula, mwenye leseni akague vitambulisho, na sehemu ya ada za leseni iende kwenye ushauri nasaha katika hospitali za kaunti. Hili la mwisho msiliache. Kaunti inayopokea pesa ya leseni za kamari na haina mshauri hata mmoja wa waliozama humo inachukua faida na kuwaachia akina mama hasara. Walimu, maimamu, wachungaji, mwenyekiti wa waendesha bodaboda, wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, wote watie saini. Na pale karani wa bunge atakapotangaza kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, jazeni ukumbi, na yule aliyemwona mtoto juu ya kreti aseme alichokiona.

Kabla ya saini ya kwanza, nenda kwa mke wa mwenye duka. Mko chama kimoja, mtakutana misibani na harusini kwa miaka mingi. Mwambie mnachokusudia kufanya na kwa nini, na umpe nafasi ya kuzungumza na mumewe. Fungu lile la mashine huenda ndilo linalolipa kodi ya duka, kwa hiyo usimkaripie. Muulize kama chama kinaweza kumkopesha mtaji wa kuweka kitu kingine pale nyuma. Akikubali, mtakuwa mmepata saini ya mtu ambaye bunge la kaunti litamsikiliza kuliko nyote. Akikataa, ardhihali iende hivyo hivyo, na ajue ilitoka kwako, asiisikie kwa watu.